Chumba cha kupanga Tandale, nyumba ambayo sigara inaishia nje: maoni yangu bila chenga

Naandika hii kwa yeyote anayetafuta chumba Tandale, pande za kwa Mtogole, hasa kama ana mtoto mwenye kifua, maana matangazo ya madalali yote yanafanana, chumba kisafi, tailizi, umeme upo, maji yapo, karibu na barabara (karibu na barabara ya dalali ni mwendo wa kutoa jasho), ila sijawahi kukutana na dalali anayekwambia kama humo ndani watu wanavuta sigara au hawavuti. Unakuja kujua usiku wa kwanza ukiwa umeshalipa miezi sita.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida ya uswahilini, vyumba sita, korido katikati, uani kuna vyoo viwili na bafu, bomba la DAWASA lipo na tanki lipo kwa zile siku maji yanapokatika. Chumba elfu sitini kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, kwaiyo andaa laki nne na ishirini kabla hujanunua hata ufagio. Luku ni moja, mnachangia kulingana na vitu vyako, mwenye friji anatoa zaidi, ugomvi wa luku upo kama kila nyumba na mi sitauongelea hapa. Mafuriko hayaingii, wenyeji wanajua kwanini nimelitaja hilo, siku hizi mto Ng'ombe umejengewa kuta na hali sio ile ya zamani.

Sasa kilichonipeleka pale. Mama mwenye nyumba ana sheria yake imeandikwa kwenye mkataba kwa mkono, peni nyekundu, kwamba sigara, bangi na shisha hakuna ndani ya nyumba, na ndani maana yake chumbani, koridoni, barazani, uani, chooni, mpaka kwenye banda la kuku. Ukitaka kuvuta unatoka nje ya geti, kuna benchi chini ya mwarobaini, na kopo la maziwa la mchanga la kuzimia vipisi. Na hapokei hela ya mtu mpaka amesoma hiyo karatasi kwa sauti mbele ya mke na mume wote wawili, ukienda peke yako anakwambia rudi na mwenzio. Sisi tulipoenda alimgeukia baba watoto akamuuliza, baba unavuta? Akasema kidogo. Mama akamwambia hicho kidogo chako utakivutia pale, akamwonyesha benchi, akaendelea kusoma. Mi pale pale nikasema hii nyumba ndo yenyewe.

Niwaeleze kwanini hiyo ni kitu kikubwa kwa sisi wa uswahilini kuliko kwa mtu wa Masaki mwenye nyumba yake. Nyumba zetu hizi nyingi kuta za ndani haziendi mpaka juu. Zinaishia usawa wa linta au juu kidogo, kisha ni mbao na bati, siling bodi hamna. Ukikohoa chumba cha kwanza wa chumba cha sita anakwambia pole. Sasa mtu akiwasha fegi chumbani kwake saa sita usiku, ule moshi unapanda, unapita juu ya ukuta, unashuka kwa jirani, na jirani kafunga dirisha kwa ajili ya mbu na wezi. Kwaiyo ile kauli ya "mi navuta chumbani kwangu nalipa kodi" kwenye nyumba ya namna hii haina maana yoyote, chumbani kwako ni chumbani kwetu sote. Kule tulipokuwa tunakaa kabla (sitaji ni wapi) jirani alikuwa analala anavuta, mi naamka mtoto anapumua kama anavuta kamba, na siwezi kugonga mlango wa mwanaume wa watu usiku nikamwambie azime. Ukimwambia asubuhi anakwambia hamia Mbezi.

Mwanangu ana pumu. Kliniki swali la kwanza niliulizwa nyumbani nani anavuta, na nesi hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama anavyouliza mtoto kachanjwa. Ndo akanielewesha kwamba moshi wa sigara ya mtu mwingine kwa mtoto unaleta pumu kuzidi, nimonia, masikio kuuma kila mara, na kwa vichanga unaongeza hatari ya kufa usingizini bila dalili. Nilivyokuja kusoma mwenyewe nikakuta Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni moja kila mwaka duniani wanakufa kwa moshi wa sigara ambayo hawajaivuta wao. Mule kwenye moshi kuna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 hivi zinajulikana zinaleta saratani. Na wale ndugu zangu wa "nafungua dirisha bana", daktari mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti mwaka 2006 ikasema wazi hakuna kiasi kidogo cha moshi huo ambacho ni salama, na dirisha au feni haviuondoi, kinachosaidia ni watu kutovuta ndani kabisa.

Na serikali haikusaidii humo chumbani. Sheria ya tumbaku ya 2003 inaongelea maeneo ya umma, inakataza pia kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18, lakini mlango wa chumba chako haivuki. Kwaiyo uswahilini anayeweza kutunga sheria ya ndani ni mmoja tu, mwenye nyumba, na wenye nyumba wengi hawataki kusumbua mpangaji anayelipa kwa wakati.

Hapa ndo nataka kuwaongelesha dada zangu. Mume wangu ni mtu mzuri, anahangaika na bodaboda kutwa nzima, lakini nilikuwa siwezi kumwambia atoke nje akavute. Sio kwamba naupenda moshi, ni kwamba ukimwambia mwanaume kwenye chumba kimoja ambacho kodi anatoa yeye kwamba atoke nje ya chumba chake, hapo hamuongelei tena sigara, mnaongelea nani mkubwa humu ndani. Nilishajaribu kwa upole, nilishajaribu kwa kununa, nikawa natoka mimi na mtoto kukaa koridoni mpaka amalize, ambapo koridoni nako kuna mwingine anapuliza. Mama mkwe nilipomgusia akaniambia baba yao pia alikuwa anavuta na wote wamekua. Nikanyamaza.

Sheria ya mama mwenye nyumba ilichonifanyia ni kwamba lile jambo limetoka kati yangu na mume wangu. Sio mimi ninayemtoa, ni nyumba. Siku za mwanzo akipapasa mfuko nikiwa namwangalia tu naye anaangalia mlango, anachukua kiberiti anatoka, hakuna aliyemshinda mwenzie, anarudi tunaongea kama kawaida. Na kule kwenye benchi anawakuta kaka fundi viatu wa chumba cha tatu na mzee mmoja wa nyumba ya pili, wanapiga stori za Simba na Yanga, kwaiyo kutoka nje sio adhabu tena, ni kijiwe. Kama mama angekataza bila kuweka lile benchi nina hakika wangekuwa wanavutia ndani kwa kujificha. Hii naiandika kwa ajili ya wenye nyumba wengine mnaosoma, karatasi ya "NO SMOKING" mlangoni haifanyi kitu, tafuteni mbao mbili na misumari.

Ameacha? Hajaacha, nisiwadanganye. Amepunguza, na sababu ni uvivu tu, usiku kuanza kuvaa, kufungua komeo la geti, mbu, mbwa wa jirani, anaona bora alale. Ile ya saa nane usiku ya kuamkia imekufa kabisa. Naskia hata huko kwa wenzetu tafiti zimeonyesha hivo hivo, kwamba anayekaa nyumba isiyoruhusu sigara ndani anavuta chache na anajaribu kuacha zaidi kuliko anayeruhusiwa. Sasa hivi anatafuna bigijii. Zile dawa za kusaidia kuacha, zile za kubandika mkononi, duka la dawa la mtaani kwetu ukiulizia wanakuangalia kama umeulizia ndege.

Kitu kingine ambacho sikukitarajia ni koti. Mama alimwambia hilo koti unalovutia usiingie nalo, litundike hapo nje kwenye msumari. Mi nikaona hapa sasa amezidisha. Lakini ina maana, ule uchafu wa sigara unashika kwenye nguo, godoro, pazia, ukutani, unakaa mda mrefu baada ya moshi wenyewe kuisha, na mtoto ndo anayelalia kifua cha baba yake na kunyonya nguo. Kwaiyo utaratibu wetu ni koti nje, mikono na sabuni, kisha mtoto.

Na watoto hawatumwi dukani sigara. Hii haipo kwenye karatasi, anaisema mdomo tu. Mnajua ilivyo, "we nenda kwa Mangi kamletee baba SM mbili", anaenda mtoto wa miaka sita na jero mkononi anarudi na fegi mbili na pipi ya chenji. Mangi wa jirani alishaambiwa mtoto wa nyumba ile akija na hela ya sigara amrudishe. Anamrudisha kweli, sijui mama alimwambia nini.

Haya, mazuri yameisha, sasa kasoro, na zipo.

Ya kwanza choo. Hakuna nyumba ya kupanga ambayo wavutaji hawajagundua choo. Mtu anaingia na ndoo ya maji anakaa robo saa, anatoka harufu ya uvundo na sigara pamoja, ukimuuliza anasema alikuta hivo. Mama aliweka choo kwenye sheria lakini choo hakina mlinzi, na mmoja wetu (tunamjua, na yeye anajua tunamjua) anaendelea. Vyoo vyenyewe dirisha lake ni matofali ya matundu yanayoangalia korido, kwaiyo moshi hauendi mbali. Hii mpaka leo haijapata dawa.

Ya pili masika. Mwezi wa nne mvua inanyesha siku nzima, mwarobaini sio bati, benchi linalowa, wavutaji wanasogea barazani. Na barazani ndo dirisha la bibi wa chumba cha mbele lilipo. Ikaanza "mama mvua hii tutaenda wapi", mama akasema vumilieni, wakasema hatuwezi, ikawa kila mvua ugomvi. Mwisho fundi viatu akatafuta bati chakavu mbili na mirunda akaezeka juu ya benchi, kwa hela zao wenyewe wavutaji walichanga. Mama hakutoa hata mia. Hapo nilimuona bahili kiukweli, kodi ya vyumba sita anashindwa bati mbili.

Ya tatu ni usalama. Geti linafungwa saa tano usiku. Baada ya hapo mwenye hamu afanyeje? Anayetoka anaacha komeo wazi, na kwetu geti wazi saa saba usiku dakika kumi ni ndoo, sufuria na kandambili za watu sita. Ilishatokea. Wasiovuta wakataka wavutaji walipe, wavutaji wakasema hatuna uhakika ziliibiwa mda gani. Sasa hivi utaratibu ni kwamba anayetoka anafunga na kufuli kwa nje na funguo anaondoka nayo, ambayo mi naona ni hatari, moto ukitokea humo ndani tutatokea wapi? Nilimwambia mama, akasema ataangalia. Bado anaangalia.

Kasoro kubwa kuliko zote kwangu ni adhabu. Mama hatozi faini ya hela, anasema mpangaji asiye na hela ya kodi atatoa wapi hela ya faini, na hapo namuelewa kabisa. Badala yake ukikamatwa umevuta ndani unapewa wiki nzima ya zamu ya kuosha choo na kufagia uwanja. Nzuri ukiisikia hivo, si ndio? Sasa niambieni nani anaosha choo. Mwanaume kavuta koridoni, wiki nzima anayeinama na fagio na jiki ni mke wake. Nimeona kwa macho yangu, mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi saba anasugua choo kwa sababu mumewe aliwasha sigara wakati wa mechi, na mwanaume kakaa barazani na simu. Nikamfuata mama nikamwambia mama shikamoo, hii adhabu inaenda kwa mtu sio. Akacheka akasema "mwanangu, ndo atamkanya mumewe vizuri." Sikucheka. Kama huyo dada angekuwa na uwezo wa kumkanya, sheria ya nyumba ingekuwa ya kazi gani? Yaani mama aliutoa ule ugomvi chumbani mwa watu vizuri sana, halafu akaurudisha kwa mlango wa chooni. Kwa hili nakata nyota nzima na nitaendelea kuikata mpaka siku nitakayomuona mwanaume ameshika lile fagio mwenyewe.

Halafu kuna mkaa. Hapa mama na mimi hatuelewani kabisa. Sigara inatolewa mpaka nje ya geti, ila mvua ikinyesha majiko ya mkaa manne yamepangwa koridoni yanachemsha maharage, macho yanatoka machozi, mwanangu anakohoa vile vile. Moshi wa kupikia majumbani, Shirika la Afya Duniani limekadiria uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, hiyo ni zaidi ya huo wa sigara za wengine. Na mkaa unaowaka chumba kilichofungwa unatoa ile hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala, kila mwaka msimu wa baridi tunaskia familia imekutwa asubuhi. Mama anasema sigara ni starehe, mkaa ni chakula. Ni kweli, sipingi, gesi ya mtungi mdogo kuijaza ni elfu ishirini na kitu kwa mkupuo na mkaa unanunua wa buku kwa siku, mtu anayepata hela yake kwa siku hawezi kuwa na elfu ishirini siku moja. Serikali imesema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, sawa, tutaona. Lakini katikati hapo angalau majiko yangekaa uani chini ya banda, na banda hajengi. Mnaona ninavyorudi kwenye ubahili.

Nilikuwa nalalamika haya kwa binamu yangu yuko Marekani, anakaa zile nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, akacheka akasema na kwao ni hivo hivo. Kule serikali kuu ilipitisha kwamba kuanzia mwisho wa Julai 2018 nyumba zote za aina hiyo, na ni zaidi ya laki tisa, hakuna kuvuta ndani ya chumba chako, wala korido, wala ndani ya futi 25 kutoka kwenye jengo, ambayo ni kama mita saba na nusu. Sigara, sigara kubwa, kiko, shisha, vyote. Zile za umeme hawakuziweka, nadhani kwa sababu hazina moto. Sababu waliyotoa ni ile ile yetu, moshi haukai kwenye chumba cha mwenyewe, kwao unapita kwenye matundu ya mabomba na soketi za umeme, sisi juu ya ukuta. Na lawama ni zile zile pia, watu walisema mbona mnawaingilia masikini tu chumbani mwao, tajiri kwenye nyumba yake anavuta atakavyo, na mgonjwa au mzee aliye ghorofa ya tisa kwenye theluji mnamwambia ashuke nje? Wengine wakaogopa watu kufukuzwa nyumba kwa ajili ya sigara.

Hiyo ya kufukuzwa niliitafakari sana. Kwetu mpangaji akifukuzwa hela ya miezi sita nyingine hana, anaishia kwa ndugu, watoto wanakatishwa shule. Mama yetu kwa ubahili wake wote hajamfukuza mtu kwa sigara, hata yule wa chooni. Anamsema, anamsema sana, anamsema mbele za wageni, lakini hamtoi. Mi naona hapo yuko sahihi. Mtoto wa mvutaji akilala nje hatujamwokoa na moshi wowote.

Na yeye mwenyewe sheria inamshika. Kaka yake alikuja kutoka Tabora, mkulima wa tumbaku kabisa, mtu mzima wa heshima zake, akawasha sigara sebuleni kwa dada yake. Nyumba nzima tulinyamaza tunaskiliza. Mama akasema "kaka, shikamoo yako iko pale pale, ila benchi liko nje." Mzee akatoka. Baada ya siku hiyo hata wale waliokuwa wanaleta ubishi walipungua, maana ubishi mkubwa ulikuwa "subiri ndugu zake waje tuone".

Bibi wa chumba cha mbele yeye anatumia ugoro, ananusa na kuchekea wavutaji wakilowa na mvua. Ugoro hauna moshi kwaiyo hauko kwenye karatasi. Sio kwamba ni salama kwake, saratani ya mdomo ipo, ila umri wake na mdomo wake nani atamwambia.

Mtoto wangu vipi? Siwezi kuwaambia amepona, pumu haiendi hivo, na pia tulikotoka kulikuwa na vumbi la barabara ya malori kwaiyo sijui nini kimefanya nini. Ninachojua ni kwamba pampu ya bluu, ile ya kuvuta pumu ikibana, tunaitumia kwa nadra, na usiku analala. Mvua za majiko koridoni ndo anabanwa.

Kwaiyo kama nagawa nyota, chumba chenyewe tatu, kina joto mchana na dirisha ni dogo. Sheria ya sigara ningeipa tano ila ile adhabu ya choo imekula moja, na mambo ya geti yamekula nusu. Mama mwenye nyumba kama mtu nne, mkali lakini sio mnafiki. Vyoo viwili kwa watu wote wale ni viwili na nusu, mkiwa na mtoto wa kujikojolea mtanielewa.

Nani kitamfaa: mwenye mtoto mdogo, mjamzito, mwenye kifua, na mwanamke ambaye mumewe anavuta na amechoka kuongea. Mvutaji pia kitamfaa akiwa tayari kutembea hatua chache, wanapata kampani. Asiyefaa ni mtu wa kujifungia na shisha wikiendi, walishapanga vijana wawili wa hivo, walikaa kidogo wakahama wenyewe wakasema hapa ni bweni la masista.

Kama unaenda kuangalia chumba popote pale, sio hapa tu, angalia juu kabla ya kuangalia tailizi, ukiona ukuta haujafika bati jua utavuta kila anachovuta jirani. Nusa pazia la mpangaji anayehama. Angalia sakafu ya korido pembeni kama kuna vipisi na alama za kuunguzia. Na uliza mbele ya mwenye nyumba, sio mbele ya dalali, dalali atakujibu unachotaka kuskia.

Hapa kwetu kuna chumba cha uani upande wa kushoto kinaachwa mwezi ujao. Kiko karibu na choo anachojificha yule bwana na dirisha linaangalia ukuta wa jirani, msikubali elfu sitini, mwambieni mama hamsini na mdai banda la majiko kabla ya kusaini.